SOMO LA MWEZI: JE, BUSTANI ZA KANDO YA RELI ZIMEPUNGUA?



Watu wazima waliozoea kusafiri kwa gari la moshi hadi Nairobi hupenda kusema hivi: "Zamani ukiukaribia mji uliona bustani nyuma ya nyumba. Leo waona mabati na kuta tu." Neno hili husemwa na wengi, nalo hukubaliwa upesi bila kupimwa. Mwezi huu twataka kulipima, tujue lipi ni kweli na lipi ni mazoea ya kusifu mambo ya kale.

Huenda ukauliza: "Mimi ni mkulima wa skimu, nina ekari zangu, mitaa ya Nairobi yanihusu nini?" Yakuhusu sana. Yaliyozipata bustani za Eastlands kwa miaka mingi yanaweza kuipata bustani yako pia, nayo huja polepole bila kupiga hodi. Lisome somo hili pamoja na watu wa nyumbani kwako, kisha mjibizane maswali yaliyo mwishoni.

1. NJIA YA RELI NA MITAA YA EASTLANDS

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, ikaendelea hadi Kisumu mwaka 1901. Baadaye njia nyingine ilitengwa kuelekea kaskazini. Hiyo ilifika Thika mwaka 1913, na Nanyuki mwaka 1930. Njia hizi mbili, ile ya Mombasa na ile ya Nanyuki, huachana Makadara, upande wa mashariki wa mji. Kwa hiyo mtu aingiaye Nairobi kwa njia hizi hana budi kupita Eastlands, na aionapo mitaa hiyo huiona kwa nyuma. Barabara huonyesha uso wa nyumba, lakini reli huonyesha mgongo wake: kamba za nguo, mapipa ya maji, kuku, na bustani ikiwapo.

Mitaa hii haikujengwa kwa siku moja. Pumwani ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1920. Muthurwa na Makongeni ilikuwa mitaa ya wafanya kazi wa reli. Kaloleni ulijengwa katika miaka ya 1940, na Bahati, Mbotela, Maringo na Jericho ikafuata katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Kisha, baada ya Uhuru, ikaja Buruburu, Umoja na Dandora katika miaka ya 1970.

Mtaa wa Kaloleni watufaa kwa mfano. Waliouchora walifuata mawazo ya Mwingereza aliyeitwa Ebenezer Howard, ambaye mwaka 1898 alitoa kitabu akitaka watu wa mijini waishi katika miji yenye bustani. Basi nyumba za Kaloleni zilijengwa za mawe, paa zake za vigae, zikapangwa kuzunguka viwanja vya nyasi, na katikati pakawekwa ukumbi wa watu wote. Kati ya nyumba na nyumba palikuwa na nafasi. Mtu aliyetoka mashambani na kuzoea jembe hakuweza kuitazama nafasi hiyo ikikaa bure. Alipanda sukuma wiki, maharagwe, mahindi machache na labda mgomba mmoja pembeni.

Lakini angalia jambo hili, maana ndilo mzizi wa somo letu. Nafasi ile haikuwa shamba lake. Nyumba ilikuwa ya Halmashauri ya Mji, naye alikuwa mpangaji. Hakuna aliyempimia bustani, wala hapakuwa na karatasi iliyosema kwamba hapa ni mahali pa mboga. Alilima masazo ya ardhi, yaani sehemu iliyobaki baada ya nyumba, njia na mtaro kuchukua zao.

2. WATU WALIONGEZEKA, ARDHI HAIKUONGEZEKA

Sasa tazama hesabu ya watu wa Nairobi kama ilivyotolewa na serikali:

Mwaka 1969 walikuwa 509,286.
Mwaka 1979 walikuwa 827,775.
Mwaka 1989 walikuwa 1,324,570.
Mwaka 1999 walikuwa 2,143,254.
Mwaka 2009 walikuwa 3,138,369.
Mwaka 2019 walikuwa 4,397,073.

Katika miaka 50 watu wameongezeka zaidi ya mara nane. Mipaka ya mji ilipanuliwa mwaka 1963 ikafikia kilomita za mraba 690 na zaidi kidogo, na tangu hapo eneo limebaki lile lile. Watu wanane wameketi mahali pa mtu mmoja. Ni lazima kitu fulani kiwe kimesukumwa nje.

Kilichosukumwa kwanza ni ile nafasi isiyo na mwenyewe. Mtoto wa kiume amekua, ahitaji chumba: kinajengwa cha mabati nyuma ya nyumba. Ndugu amekuja kutafuta kazi: chumba kingine. Kisha ikaonekana kwamba chumba cha mabati chaweza kupangishwa kikaleta kodi kila mwezi, lakini tuta la sukuma wiki halileti kodi. Katika mitaa ya zamani ya Eastlands vyumba hivi vya kuongezea vimejaa hata mahali ambapo mchoraji wa kwanza aliacha nyasi.

Dandora yaonyesha jambo hili waziwazi zaidi. Mpango wake ulianza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Vilipimwa viwanja vipatavyo 6,000, kila kimoja cha mita za mraba 100 hadi 160, na kila mtu aliyepewa kiwanja alitazamiwa kujijengea nyumba yake kidogo kidogo. Kiwanja cha mita za mraba 100 ni mita 10 kwa mita 10. Hapo nyumba ya vyumba viwili au vitatu yaenea, na pembeni patabaki mahali pa matuta machache. Lakini wapangaji walikuwa wengi na kodi ilikuwa tamu, basi viwanja vingi vilijengwa vikajaa, kisha vikajengwa kwenda juu. Umoja nao, ambao nyumba zake za kwanza zilikuwa za chini, leo una maghorofa mengi.

Kwa hiyo, kuhusu bustani za uani, wazee wasema kweli. Zimepungua, na sababu yake ni vyumba. Udongo haukuchoka, wala mvua haikugoma.

3. BUSTANI NYINGINE ZILIHAMA

Hata hivyo tusikate hukumu mapema. Mtu aliyenyimwa ua hakuacha kulima. Alichukua jembe akaenda mahali pengine penye masazo: kando ya reli, kando ya barabara, chini ya nyaya za umeme, na ukingoni mwa mito ya Nairobi, Ngong na Mathare, ambayo yote hupita Eastlands kuelekea mashariki.

Shirika moja la uchunguzi la Nairobi liitwalo Mazingira Institute lilipeleleza ukulima wa mijini katika miji sita ya Kenya na kutoa habari zake mwaka 1985. Lilikuta kwamba katika kila nyumba 100 za miji hiyo, nyumba 29 hivi zililima chakula humo humo mjini. Katika Nairobi peke yake zilikuwa nyumba 20 hivi katika kila 100. Baadaye, mwaka 1991, mwanachuoni Donald Freeman alitoa kitabu kizima juu ya wakulima wa viwanja vya wazi vya Nairobi. Alieleza kwamba wengi wao walikuwa wanawake, na kwamba sehemu kubwa ya mavuno ililiwa nyumbani kwao.

Basi msafiri wa miaka ya 1980 aliyechungulia dirishani huenda aliona kijani kingi kuliko baba yake, ingawa ua za nyumba zilikuwa zimekwisha kujengwa. Aliona mahindi, sukuma wiki, nduma penye unyevu, na majani ya nepia ya kulishia ng'ombe. Lakini hizo hazikuwa bustani za nyumbani. Zilikuwa bustani za mtu aishiye mbali kidogo, anayekuja na jembe alfajiri na kuondoka.

Bustani za namna hii zina udhaifu tatu.

(a) Ardhi ina mwenyewe. Ukanda wa kando ya reli ni wa Shirika la Reli, na ukingo wa barabara ni wa serikali. Siku mwenyewe aihitajipo, mazao huondolewa, na aliyelima hana la kudai.

(b) Kwa miaka mingi sheria ndogo za mji hazikuutaka ukulima. Ilifikiriwa kwamba mahindi marefu huficha mbu na wezi, basi mara kwa mara yalifyekwa yakiwa yamebeba. Jambo hili lilibadilika polepole. Mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipitisha sheria ya kuuendeleza ukulima wa mjini na kuuwekea kanuni.

(c) Shamba lililo mbali na macho huibiwa. Mboga ya uani hulindwa na bibi akiwa jikoni, lakini mboga ya kando ya reli hulindwa na bahati.

Mambo kama haya hayakutokea kwetu tu. Katika vita vya 1939 hadi 1945 serikali ya Uingereza iliwahimiza watu wake walime mboga kila mahali palipo na udongo, na vipande vya ardhi ya kando ya reli vililimwa. Vita vilipokwisha na chakula kikapatikana madukani, bustani nyingi za namna hiyo ziliachwa. Bustani iliyopandwa katika ardhi ya kuazima huenda na shida iliyoileta.

4. DIRISHA LA GARI LAWEZA KUDANGANYA

Mtu atakaye kujua kama kitu kimepungua ni lazima kwanza aulize amekitazama wakati gani na kutoka wapi. Msafiri wa gari la moshi anaweza kukosea kwa njia nne.

Kwanza, majira. Aliyepita Makadara mwezi wa Mei, baada ya mvua za masika, aliona kijani. Aliyepita mwezi wa Februari aliona vumbi. Ukilinganisha Mei ya zamani na Februari ya leo, umelinganisha mvua na jua tu.

Pili, ukuta. Watu wa siku hizi wamejenga kuta ndefu upande wa reli kwa hofu ya wezi. Bustani yaweza kuwapo nyuma ya ukuta na msafiri asiione. Kadhalika ukuta waweza kuficha sakafu ya saruji, naye akafikiri kuna bustani.

Tatu, kumbukumbu. Mtu hukumbuka bustani moja nzuri kuliko ua kumi zisizo na kitu. Wazee wetu walisema: Mali bila daftari huisha bila habari. Pasipo hesabu iliyoandikwa, kila mtu ana Nairobi yake ya zamani.

Nne, bustani zilizobadilika umbo. Baada ya fujo zilizofuata uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007, chakula kilikuwa ghali na watu wa vijiji vya Kibera na Mathare walikuwa na shida. Mwaka 2008 shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités lilianza kuwafundisha watu kupanda mboga katika magunia. Gunia husimamishwa mlangoni likajazwa udongo na samadi, na miche hupandwa juu na ubavuni. Njia hii imeenea mijini. Mwaka 2020 Wizara ya Kilimo nayo ilianzisha mpango wa bustani za jikoni milioni moja katika nchi nzima. Gunia lililo mlangoni, au mkebe ulio juu ya ghorofa, hauonekani kutoka garini.

Sasa twaweza kulijibu swali. Ardhi ya bustani za nyumbani katika Eastlands imepungua sana. Bustani za masazo, za kando ya reli na mito, ziliongezeka kwa muda, nazo hubanwa kila mara mwenye ardhi anapoihitaji. Hamu ya kulima haikwisha, lakini mahali pake pamekuwa padogo hata pakaingia ndani ya gunia.

5. SI KILA KIJANI NI CHAKULA CHEMA

Kabla ya kuondoka mjini, yafaa tujue jambo moja zaidi. Mboga iliyosukumwa kutoka uani hadi bondeni ilikutana na maji machafu. Katika Maili Saba, mashariki ya Dandora, wakulima wasio na maji walifungua mabomba makubwa ya maji ya vyoo wakayaelekeza mashambani. Mboga zilinawiri, maana maji hayo yana mbolea. Lakini yana pia mayai ya minyoo na vijidudu vya kuhara, na mahali penye viwanda huchukua madini yenye sumu.

Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa habari za uchunguzi uliofanywa karibu na jaa la taka la Dandora. Watoto 328 walipimwa, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiasi kinachokubaliwa. Udongo wa mahali hapo nao ulikutwa umechafuka. Risasi haioshwi kwa maji wala haifi kwa moto wa jikoni.

Yeye alimaye mahali asipopachagua, hula asichokichagua. Hii ni hasara nyingine ya kuipoteza bustani ya nyumbani. Mwenye bustani mlangoni ajua maji yake yametoka wapi na samadi yake ni ya ng'ombe gani.

6. MAMBO HAYA NA SKIMU ZETU

Sasa turudi nyumbani. Tangu mwaka 1962 serikali ilinunua mashamba ya walowezi na kuwagawia wananchi. Katika mpango wa kwanza familia zipatazo 35,000 zilipewa makao. Bwana aliyepewa ekari 15 wakati ule aliona ni nchi isiyo na mwisho. Alijenga nyumba popote alipopenda, na mkewe akalima mboga popote palipobaki.

Piga hesabu pamoja nasi. Ekari 15 zikigawanywa kwa wana 5, kila mmoja apata ekari 3. Kila mmoja wao akigawia watoto wake 4, kila mjukuu apata robo tatu ya ekari. Kutoka humo toa nyumba, boma la ng'ombe, choo, njia na ghala. Kisha toa mahindi, au chai, au majani ya ng'ombe, maana hayo ndiyo yaletayo fedha za shule. Kama shamba liko karibu na soko au barabara ya lami, kijana ataona pia kwamba vyumba vya kupangisha huleta kodi. Bustani ya mama itapata nini? Itapata masazo, na masazo hayakai.

Hapa ndipo Eastlands yatufundisha. Bustani zile hazikuuawa na adui mmoja. Hakuna siku ambayo mtu alisema, "Leo tunaondoa bustani." Kiliongezwa chumba kimoja, kisha jiko, kisha banda la kuku, na kila kimoja kilikuwa na sababu nzuri. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika jambo hili ufa ni kutokuwa na mpaka. Kila kitu katika boma lako kina mpaka: ng'ombe wana ua, mahindi yana mistari, nyumba ina kuta. Bustani peke yake yaambiwa, "Kaa hapo mpaka tutakapopahitaji."

Tena wako wanaosema, "Nitanunua mboga sokoni." Tupige hesabu ndogo. Tuseme nyumba yanunua mboga za majani za shilingi 30 kwa siku. Kwa mwaka mmoja ni shilingi 10,950. Fedha hizo hutoka kidogo kidogo, kwa hiyo hazionekani. Na mara nyingi hutoka katika mfuko wa mama, si katika daftari la shamba. Siku mfuko ule ukiwa mtupu, watoto hula ugali na chumvi katika nyumba iliyozungukwa na ekari za mahindi.

7. PIMA BUSTANI KABLA HUJAPIMA KITU KINGINE

Shauri letu ni moja: ipime bustani, uiwekee ua, na uihesabu kuwa ni sehemu ya nyumba kama jikoni lilivyo. Fanya hivi.

Mahali. Chagua karibu na jiko na karibu na maji, pasipo kivuli cha mti mkubwa, na mbali na choo. Penye mteremko, matuta yalale kukingama mteremko ili mvua isiuchukue udongo.

Kipimo. Kwa nyumba moja anza na mita 10 kwa mita 10. Eneo hilo ni sehemu moja tu katika sehemu 40 za ekari, nalo ni sawa na kiwanja kidogo kabisa cha Dandora. Tengeneza matuta 6 yenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 10, na kati yake njia 5 za nusu mita. Mita moja na nusu itakayobaki ni ya ua. Tuta lisizidi upana wa mita 1, ili mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga udongo.

Ua. Panda ua wa miti au weka fito kabla ya kupanda mche wa kwanza. Ua huzuia kuku na mbuzi, lakini pia humzuia mwenye nyumba mwenyewe asimwage kokoto za ujenzi mahali pale.

Mbolea. Kwa kila tuta tia samadi iliyooza vizuri, madebe 5 hivi, uichanganye na udongo. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuleta magugu.

Mazao. Matuta 2 yawe ya sukuma wiki. Hamisha miche kutoka kitaluni ikiwa na majuma 4 hadi 6, ukiacha sentimita 60 kati ya mistari na sentimita 45 kati ya miche. Tuta moja la mistari miwili huchukua miche 44, basi matuta mawili yana miche 88. Ukichuma majani 2 tu kwa kila mche kila juma, wapata majani 176. Matuta mengine panda mnavu, mchicha, kunde za majani, na vitunguu pamoja na karoti. Mchicha na kunde huanza kuchumwa baada ya majuma 3 hadi 4. Usipande vyote kwa siku moja. Acha majuma mawili kati ya tuta na tuta ili chakula kisije chote pamoja na kuisha chote pamoja. Kila msimu uhamishe mazao, mahali pa sukuma wiki pawe pa kunde, ili wadudu na magonjwa visizoee.

Maji. Wakati wa kiangazi funika udongo kwa nyasi kavu, umwagilie asubuhi mapema au jioni. Maji ya kuoshea mboga na vyombo visivyo na mafuta mengi yafaa. Maji ya choo au ya mtaro wa mjini hayafai kamwe.

Gunia. Mwenye nafasi ndogo, au mzee asiyeweza kuinama, ajifunze kwa watu wa mjini. Chukua gunia la kilo 90, mkebe usio na kitako, na kokoto. Simamisha mkebe katikati ya gunia, ujaze kokoto ndani yake na udongo wenye samadi pande zote. Uvute mkebe juu, ujaze tena, mpaka gunia lijae na kokoto ziwe nguzo katikati. Maji ukimimina juu ya kokoto yatafika chini. Toboa matundu ubavuni, uache kiganja kimoja kati ya tundu na tundu, upande miche 30 hivi.

Karatasi. Hili ndilo watu husahau. Siku ya kugawanya shamba, au ya kuchora nyumba mpya, bustani ichorwe katika mchoro. Waitwe wana, waitwe pia akina mama na wake za wana, maana ndio wanaoijua kazi yake. Kila atakayejenga katika sehemu yake atenge mita zake 10 kwa 10 kwanza, kisha ndipo aweke msingi.

MASWALI YA KUJIBIZANA

Watu wa nyumba moja, au wa chama cha wakulima, wakutane jioni moja na kuyajibu haya:

1. Katika boma letu bustani ya mboga ilikuwa wapi wakati wa mvua kubwa ya El Nino ya mwaka 1997? Leo mahali pale pana nini?

2. Ni nani aliyeamua kuiondoa au kuipunguza? Je, aliamua, au ilitokea tu?

3. Juma lililopita tulinunua mboga za shilingi ngapi? Zidisha kwa 52.

4. Maji tunayomwagilia yatoka wapi? Je, yapita karibu na choo au jaa?

5. Kama shamba hili litagawanywa mara moja tena, mboga zitalimwa wapi?

KAZI YA MWEZI

Chagueni barabara moja ya skimu yenu yenye nyumba 20. Mtu mmoja mwenye daftari atembee kwa miguu, aandike ni nyumba ngapi zina bustani yenye ua, ngapi zina bustani isiyo na ua, na ngapi hazina kabisa. Aandike tarehe. Mwaka ujao, mwezi huu huu, mtu atembee tena katika barabara ile ile na kuandika tena. Daftari litunzwe na karani wa chama, ili atakayeuliza baada ya miaka 20 kama bustani za skimu zimepungua aonyeshwe hesabu.